Ndege Asiyetibua Maji

Kitarumbeta cha muuza tofu kina sauti mbili tu. Ukipuliza inatoka moja, ukivuta pumzi inatoka ya pili. Sauti hizo zilimtosha baba yangu, zikamtosha marehemu mume wangu Yasokichi, na wanawake wa mtaa wetu wa Nagata walizijua kama wanavyojua kikohozi cha waume zao. Mkwe wangu Kanjiro hazikumtosha. Aligundua kwamba ukiziba mdomo wa kitarumbeta kwa kiganja, ukawa unaachia kidogo kidogo, sauti ya tatu inatoka, na ya nne, basi akaanza kupiga nyimbo barabarani.

Siku hiyo alirudi na tofu karibu yote, vipande vyeupe vya soya iliyogandishwa.

"Hawakununua?" nikamuuliza.

"Hawakutoka, Mama. Sijui leo wamekwenda wapi."

Hawakuwa wamekwenda popote. Jioni kwenye bafu la mtaa, mke wa fundi mapipa aliniuliza huku akijisugua mgongo, "Ine, mkwe wako anaumwa? Tumesubiri tofu mpaka supu ikapoa. Kapita mwehu mmoja tu, wa sarakasi nadhani, anapuliza mapembe."

"Huyo mwehu ndiye mkwe wangu," nikasema, na wanawake wote mle ndani wakacheka hata maji yakaruka nje ya birika la kuogea.

Nilicheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nikawasha ubani mbele ya kabati la ibada, nikamwita Amida mwokozi wetu, Namu Amida Butsu, kama kila jioni, na moyo haukukaa.

Nyumba yetu ya Hamaoka haina bahati ya watoto wa kiume. Baba yangu hakumpata, ndipo akamchukua Yasokichi, akaniozesha, akampa jina la nyumba na jiwe la kusagia soya. Mimi na Yasokichi tukamzaa Fusae, basi. Kabla mapafu hayajamwua, mume wangu alinishika mkono akaniambia nimtafutie Fusae kijana mwenye mikono. Nikampata Kanjiro, mtoto wa tatu wa mkulima wa vitunguu kisiwani Awaji, aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha viatu vya mpira hapa hapa Nagata. Mkwe wa kuingia hupewa vyote: jina, kazi, mke, na wafu wa nyumba awatunze. Kwao wanasema mtu mwenye hata vibaba vitatu vya pumba asikubali kuwa mkwe wa kuingia. Yeye hakuwa na pumba. Alikuwa na shati moja la kubadilisha na mandolini iliyofungwa kwa kitambaa cha buluu.

Kiwanda kile kilikuwa na kikundi cha mandolini, kama viwanda vingi wakati ule. Wasichana wa gundi na vijana wa mashine walikaa kwa safu baada ya kazi, wakapiga nyimbo za Kiitalia kutoka kwenye karatasi. Wenzake waliridhika na karatasi. Kanjiro alikuwa akimaliza ukurasa anageuza kichwa dirishani kusikiliza anayeimba nje ni nani.

Na mikono alikuwa nayo, simnyimi haki yake. Alisaga, akachemsha, akakamua maziwa ya soya kwenye gunia bila kuguna. Ila hakai. Akila, goti linacheza. Akisubiri tofu igande, vidole vinatembea juu ya ukingo wa pipa. Asubuhi tukikaa mbele ya kabati la ibada nisome sala, mimi nimefumba macho namsikia nyuma yangu anagonga mkeka kwa kucha, tik-tik-tik, na si mapigo yangu anayoyafuata. Nilijiambia: huyu ana safari miguuni. Akiondoka, jiwe litasimama. Fusae hatataka mume mwingine, atamfuata au atamsubiri mpaka meno yamwanguke. Na nikifa mimi, nani atamwekea Yasokichi wali wa asubuhi? Hofu yangu ilikuwa hiyo moja. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Kiangazi kilipoingia, mambo yakazidi. Aliondoka saa za asubuhi na baiskeli, masanduku mawili ya tofu ndani ya maji nyuma yake, akarudi jua limeshapinduka. Tofu ya kiangazi haingoji mtu. Siku moja nikavaa mitalawanda yangu, nikamfuata.

Nilimkuta kichochoro cha Wakorea, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mandolini kifuani. Kumbe sanduku la chini halikuwa na tofu, ndimo alimoificha. Mbele yake alikuwa Pak Sun-i, mjane mwenzangu, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu ya pilipili, anapiga nguo kwa vigongo viwili huku anaimba. Kila akimaliza mstari, Kanjiro anaujaribu kwa nyuzi, na kila akijaribu, Pak anatikisa kichwa.

"Sivyo. Mkono wako una haraka. Unatetemesha kama mtu mwenye baridi. Wimbo huu haulii kwa baridi, unalia kama kitu kimekwama hapa," akajigonga koo kwa kigongo.

Kanjiro akausukuma uzi pembeni kwa kidole, sauti ikapinda, ikashuka, ikapanda tena. Nikasimama. Nilikuwa nimejaza maneno mdomoni, nikayasahau.

"Hapo!" Pak akapiga kelele. "Hapo umelia!" Kisha akaniona. "Ee, Mama Tofu mwenyewe. Karibu. Usimgombeze kijana, mimi ndiye niliyemchelewesha."

"Simgombezi yeye," nikasema. "Tia mkono sandukuni humo uone kama maji hayajawa ya kuogea."

Pak akatia mkono, akautoa haraka. Akasimama katikati ya kichochoro, akapaaza sauti kwa lugha yao na milango yote ikafunguka. Sijui aliwaambia nini. Tofu ikaisha kabla sijafunga vizuri kitambaa changu cha kichwa.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia anayetaka kusikia wimbo kesho anunue tofu leo."

Tukarudi, Kanjiro anasukuma baiskeli, mimi pembeni. Nikamuuliza wapi kwingine anakopotelea. Hakuficha. Kuna hosteli ya watu wa visiwa vya Amami karibu na kiwanda, huko yuko Mzee Nobori mwenye kinanda cha ngozi ya nyoka chenye nyuzi tatu. Kule mtaa wa Wachina kuna mpishi mmoja, Lin, ana kinanda cha duara kama mwezi, na humfundisha kwa malipo ya makapi ya soya, maana makapi anakaangia mboga.

"Mzee Nobori ananicheka," akasema. "Ananiambia, wewe una nyuzi nane na bado unatafuta?"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Kwamba nane ni nyingi kwa mtu aliyefika, Mama. Mimi sijafika."

Sikulipenda jibu hilo hata kidogo.

Habari zikamfikia Torazo. Torazo ni kaka wa marehemu mume wangu, muuza mkaa, mtu ambaye akiingia chumbani hutazama kwanza dari kama anataka kuinunua. Alikuja, akanywa chai yangu, akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Shemeji, mtaa mzima unacheka. Mkwe wa Hamaoka anazurura na vinanda vya kila kabila. Mdogo wangu hakufa ili nyumba yake iwe kiwanja cha ngoma."

"Tofu inauzwa, Shemeji."

"Inauzwa vuguvugu! Sikia. Kwenye kumbukumbu ya mwaka wa saba ya Yasokichi, ukoo utakuwa umekaa. Kama huyu mtu hajatulia mpaka siku hiyo, tunamfuta jina katika daftari la ukoo na tunamrudisha Awaji kwenye vitunguu vyake. Mwanangu wa pili yupo. Ni mtulivu."

Huyo mwanawe wa pili namfahamu. Ni mtulivu kama jiwe la kukandamizia kachumbari ya chumvi pipani, na kama jiwe, huhama ukimbeba tu. Fusae alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi. Nilisikia bakuli likianguka.

Wiki ile ile akaja mtu dukani amevaa viatu vyeupe. Anayevaa viatu vyeupe haji kununua tofu, sakafu yetu ina maji siku zote. Alinunua kipande kimoja, akakishika kwenye kiganja kama mtu aliyeokota ndege, akauliza kama Bwana Kanjiro yupo. Wakazungumza nje, karibu na mtaro. Sikusikia neno. Niliona tu kwamba goti la Kanjiro, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, limetulia.

Kuanzia hapo, akabadilika.

Kitarumbeta kikarudi kwenye sauti zake mbili. Wanawake wakatoka na mabakuli yao. Alirudi kabla jua halijapanda, masanduku matupu, maji bado baridi. Mbele ya kabati la ibada alikaa magoti pamoja, mikono pamoja, wala kucha haikugusa mkeka. Mke wa fundi mapipa akanishika bafuni: "Ine, umemlisha dawa gani? Niambie na mimi nimpe wangu." Torazo mwenyewe alipita akamwona anakarabati mlango wa mbele uliokuwa unakwama tangu nyumba ijengwe upya baada ya moto wa vita. Akatazama dari, akasema, "Naam. Amekomaa."

Wote wakafurahi. Mimi nikaacha kulala.

Maana mimi ni mtu wa kutazama. Mungu wa wasomi ni maandishi, mimi nilisoma shule ya msingi tu, nikaachwa na macho. Niliona ametengeneza mlango, sawa. Akaziba paa linalovuja juu ya mapipa. Akanoa visu vyote, hata kile ambacho hakuna anayekitumia. Niliona anamfundisha Fusae kumimina yale maji machungu ya chumvi yanayogandisha maziwa ya soya, kazi ambayo mwanamume wa nyumba humfundisha mrithi wake tu, naye anamshika kifundo cha mkono na kumwambia, "Usihesabu, sikiliza. Kijiko kikianza kuwa kizito, acha." Na asubuhi moja nilipoisogeza baiskeli ili nifagie, nikaona kiti kimeshushwa. Kimeshushwa mpaka kimo cha Fusae.

Kwetu tunasema ndege anayetaka kuruka hatibui maji anayoyaacha. Mtu anayekaa huacha takataka zake kesho aziokote. Anayefagia hadi pembeni ni anayekwenda.

Nikazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaanza kazi nikaacha katikati. Mara mbili nikasema sala ya asubuhi nikagundua sijasikia neno langu hata moja. Nilikuwa nimeomba atulie, na sasa ametulia, na utulivu wake ulinichoma kuliko tik-tik yake. Nikamtazama Fusae machoni, akageuza uso akasema moshi wa kuni umemwingia. Kumbe anajua. Kwa nini nisiulize? Niliogopa nikiuliza nitajibiwa.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Ndugu wakajaza chumba, Torazo mahali pa heshima karibu na kabati la ibada, kasisi wa hekalu letu mbele na rozari yake, mzee mwembamba anayependa kachumbari kuliko hadhi yake inavyoruhusu. Kanjiro alikaa mahali pa bwana wa nyumba, katika koti jeusi la Yasokichi. Aliinama inapopasa kuinama. Alipotia ubani, mkono haukutetemeka. Nikamsikia Torazo akimnong'oneza mkewe, "Unaona?"

Baada ya sala kasisi akageuka, akatuhubiria kidogo kama ilivyo desturi. Alisema watu wengi wanadhani Amida hukaa mahali akingoja mtu ajirekebishe, akae vizuri, ndipo amshike mkono. "La," akasema. "Huyo aliyekaa vizuri ana shida gani? Amida humkimbilia anayekimbia. Humfuata kwa nyuma, na akimshika hamwachi tena. Hivyo ndivyo ahadi ilivyo."

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Siku ile yaliniingia kama maji kwenye mtalawanda.

Chakula kikaletwa: tofu yetu, viazi vikuu, uyoga, kachumbari. Sake, pombe ya mchele, ikazunguka. Torazo akainua kikombe. "Kwa Bwana Hamaoka mpya! Nilikuwa na wasiwasi, sikatai, lakini mtu mzima hukubali akikosea. Ametulia kama mdogo wangu."

Watu wakaitikia. Kanjiro akainamisha kichwa chini sana, chini kuliko inavyohitajika, na mimi nikajua kwamba nisiposema sasa nitasema kwa mlango uliofungwa.

"Kanjiro," nikasema. "Mpigie baba yako wimbo mmoja."

Torazo akakohoa. "Shemeji, mbele ya marehemu?"

"Marehemu hakuwahi kumsikia. Alikufa kabla. Kalete mandolini."

Hakusimama. Msumari wa kutundikia mandolini ulikuwa pale pale pembeni ya kabati, tuliutazama sote wawili, na juu yake kilining'inia kitambaa cha buluu kimekunjwa vizuri, pande nne sawasawa.

"Haipo, Mama," akasema.

"Iko wapi?"

"Bandarini. Imeshatangulia melini."

Fusae akafunika uso. Torazo akashusha kikombe. Ndipo Kanjiro akarudi nyuma kutoka kwenye mto wa kukalia wa bwana wa nyumba, akaweka paji la uso kwenye mkeka, akaniambia yote akiwa hapo chini. Mtu wa viatu vyeupe alikuwa kiongozi wa bendi ya meli ya wahamiaji, ile inayopeleka watu Brazili kulima kahawa. Alimsikia akipiga kwenye hosteli ya watu wa Amami, alipokwenda kuandikisha abiria.

"Watu wa meli ile wanatoka kila pembe, Mama. Wa Amami, wa Kyushu, wa kaskazini kwenye theluji. Wengine wanapandia njiani, Wachina, wengine hata siwajui ni akina nani. Anasema wakishaacha kuona nchi kavu, kila mmoja anataka kulia kwa wimbo wa kwao, na bendi yake inajua nyimbo za dansi tu. Anataka mtu mmoja, chombo kimoja, nyimbo zote. Na huko mwisho wa safari..."

"Maliza."

"Wanasema huko nako wana mandolini yao. Wanaipiga mbio, inacheka huku inalia. Nimejaribu kuifikiria inavyosikika, siwezi. Vidole vinaniwasha, Mama. Nilitaka nimalize kumbukumbu ya Baba kwa heshima, kisha nikuombe unifute jina. Nyumba haifai kushikwa na mtu asiyekuwepo. Kila kitu nimekiacha sawa. Fusae anajua kumimina sasa kuliko mimi."

"Fusae anajua!" Torazo akapasuka. "Tumekaa hapa tunamsifu mwizi anayefagia kabla ya kuiba! Shemeji, sikuombi tena, nakwambia. Mfute leo hii, mbele ya kasisi. Mwanangu atakuja kesho na mizigo yake."

Mwanawe wa pili alikuwa anatafuna. Aliacha kutafuna, akatutazama mmoja mmoja, akaendelea.

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga yule kijana kwa kitarumbeta kichwani. Nikamtazama Fusae. "Na wewe? Akifutwa, utaolewa na binamu yako?"

"Mama, hata nikiwa kipofu," akasema. Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Umesikia?" nikamwambia Kanjiro. "Unasema umeacha kila kitu sawa. Umeacha nini sawa? Umenoa visu vya nyumba isiyokuwa na mtu. Inua kichwa, sitaki kuzungumza na kisogo."

Akainua. Alama ya mkeka ilikuwa imejichora kwenye paji lake.

"Meli hiyo inarudi?"

"Inarudi. Inakaa miezi, lakini inarudi."

"Na wewe?"

Angeweza kusema ndiyo. Wengi wangesema ndiyo. Yeye goti likaanza kucheza, lile goti lake la siku zote, akasema, "Nataka kurudi, Mama. Lakini najijua. Siwezi kuapa mbele ya Baba nikaja kumfanya shahidi wa uongo."

Sijui nieleze vipi. Goti lile lilinirudishia pumzi. Mtu aliyekaa kwetu siku zote zile kwa utulivu alikuwa mgeni, na sasa mwenyeji alikuwa amerudi.

"Sikufuti," nikasema.

"Shemeji!"

"Nyumba hii ni ya baba yangu, Shemeji, wewe na marehemu mliikuta. Sikufuti, Kanjiro. Mtu asiye na jina akipotea hakuna anayejua kapotea nani. Utakwenda ukiitwa Hamaoka, utapiga huko ukiitwa Hamaoka, na ukitaka kutorudi utabeba jina langu na aibu yake shingoni hadi Brazili. Kasisi ametuambia sasa hivi, anayekimbia ndiye anayefuatwa. Basi na mimi nakufuata kwa jina."

Torazo alikuwa mwekundu kama shaba. "Kasisi hakuwa anazungumzia wapiga mandolini!"

Wote tukamgeukia kasisi. Alikuwa na kipande cha figili mdomoni. Akakitafuna bila haraka, akameza.

"Sikumbuki," akasema, "kama niliwatoa."

"Na nani atapuliza kitarumbeta?" Torazo akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayetafuta viatu vyake. "Fusae atamimina, haya. Barabarani ataenda nani?"

"Mimi. Nilikipuliza kabla Yasokichi hajajua njia ya mtaa huu."

"Baiskeli huijui, Shemeji."

"Nitaisukuma."

Torazo hakuaga vizuri. Mwanawe wa pili aliaga, na nadhani alikuwa na furaha kuliko sisi sote.

Siku ya meli sikwenda bandarini. Soya ilikuwa imeshalowekwa, na soya iliyolowekwa haijui meli. Kanjiro aliinama mlangoni, ule mlango alioutengeneza ambao sasa hausemi neno ukifunguliwa. Nikampa kitambaa cha buluu na ndani yake risha mpya ya kupigia nyuzi, ya gamba la kasa, iliyochongwa kutoka kwenye kitana changu cha harusi. Akaigeuza mkononi. Alitaka kusema kitu, nikamwambia aende, tofu inapata joto.

Fusae alikwenda kumsindikiza. Mimi nilisukuma baiskeli mpaka kichochoro cha Wakorea, na nilikuwa nimepuliza mara moja tu, king'ora cha meli kiliponguruma upande wa bahari. Nikasimama na kitarumbeta mdomoni. Kilinguruma tena. Nikavuta pumzi, sauti ya pili ikatoka. Sikuwa na nyingine.

Fusae alirudi jioni, mkononi ana kipande cha utepe wa karatasi, ule wanaoushika pamoja walio melini na walio nchi kavu mpaka ukatike. Chake kilikuwa chekundu. Akaenda kuosha mapipa.

Asubuhi yake nilimwambia aandae sinia la asiyekuwepo. Mama wote wa Japani wanalijua, tuliliandaa wakati wa vita mpaka tukachoka: aliye safarini huwekewa chakula chake nyumbani saa ya kula, ili huko aliko asishinde njaa. Nikasema sala, nikafumbua macho. Fusae, kwa mazoea ya kila siku ya kumwekea baba yake wali, alikuwa ameliweka sinia la Kanjiro mbele ya kabati la ibada. Kwenye kabati hula wafu.

"Fusae!"

Akaona. Mkono ukamwenda mdomoni. "Mama, sikukusudia, mkono umekwenda wenyewe..."

"Nyamaza. Usilie, ukilia utalitia chumvi."

Nikaliinua mwenyewe. Nikalibeba hadi mahali pake Kanjiro, pale penye mkeka uliochakaa mbele ya goti la kulia, nikaliweka lielekee mlangoni. Nikapanga vijiti. Nikaketi kando yake, nikasimama, nikaketi tena. Nilifungua mlango kidogo. Nilifunga. Wazee husema ukifunua bakuli la wali la msafiri ukakuta matone ya mvuke ndani ya kifuniko, huyo mtu yu mzima na ameshiba. Kasisi wetu huwa anasema hayo ni mambo ya hofu, si ya imani. Huenda. Nikafunua.

Kifuniko kilikuwa kimejaa matone. Wali ulikuwa wa moto, najua.

Nikamwonyesha Fusae, akacheka na kulia pamoja. Kisha nikafunga kitambaa cha kichwa, nikavaa mitalawanda, nikatoka na baiskeli, maana sikuweza kukaa mle ndani hata kidogo, miguu ilikuwa inaniwasha. Nikapuliza, nikavuta. Milango ikafunguka. Kwenye kichochoro Pak Sun-i akaja na bakuli lake, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu atakayetokea.

"Mama Tofu, amefika wapi sasa yule kijana?"

"Sijui," nikasema, huku namtilia kipande chake. "Ila asubuhi hii amekula."